Juu ya Kununua Nyumba kwa Bei Nafuu
Hotuba iliyosomwa na ofisi ya karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Halmashauri ilitutaka sisi wa ofisini tuseme machache juu ya jambo ambalo limewaleta watu mezani petu mwaka huu kuliko jambo jingine lolote, nalo ni ununuzi wa nyumba. Michango ya mazishi na misaada ya karo tumeizoea, na hesabu zake mnazo mikononi. Hili la nyumba halina ukurasa katika kitabu chetu, ingawa fedha za wanachama zinazopita humo huenda ni nyingi kuliko zote alizozitaja Bwana Mweka Hazina asubuhi hii. Mtu akistaafu na kupokea kiinua mgongo chake, au mama akiisha kuweka akiba ya miaka mingi ya biashara ya sokoni, jambo la kwanza analolitamani ni kuacha kulipa kodi ya chumba. Na kwa kuwa fedha hazitoshi, hutafuta nyumba rahisi. Hakuna aibu katika kutafuta rahisi. Sisi sote tumelelewa hivyo. Tunalotaka kulisema ni kwamba nyumba ikiwa rahisi kuliko nyingine za mtaa ule ule, pana sababu yake, na mnunuzi huinunua sababu hiyo pamoja na nyumba, aijue asiijue.

Sababu zenyewe ni za namna nyingi, na baadhi yake ni njema kabisa. Mwenye nyumba anarudi kwao bara na hataki kuacha mali nyuma. Warithi ni wanane, na nyumba moja haigawanyiki. Paa limeoza na mwenyewe hana uwezo wa kuliezeka upya. Mtu akinunua kwa sababu kama hizi, amepata nafuu ya kweli. Lakini ziko sababu nyingine ambazo hazionekani kwa macho, nazo ndizo zilizotuletea machozi ofisini.

Tuanze na unafuu ulio maarufu kuliko wote hapa Mombasa, yaani nyumba bila ardhi. Wazee waliozaliwa hapa wanaijua desturi hii tangu utotoni, lakini ndugu zetu wengi waliotoka bara hushangaa wakielezwa, na wengine hawaelezwi mpaka wamekwisha kulipa. Huko bara mtu akinunua nyumba hufahamu kwamba amenunua na udongo ulio chini yake. Hapa Pwani hivi ni vitu viwili, na kila kimoja huweza kuwa na mwenyewe. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe na kwingineko zimejaa nyumba za Kiswahili zilizojengwa juu ya viwanja vya watu wengine: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma. Mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, naye hupangisha vyumba na kupokea kodi yake mwenyewe. Desturi hii ilipata nguvu baada ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka wenye madai katika ukanda wa Pwani wayaandikishe. Walioandikisha na kukubaliwa walipata hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Na watu wengi waliokuwa wakikaa kwa desturi tu wakabaki kuwa wapangaji wa udongo waliozaliwa juu yake.

Nyumba ya namna hii ikilinganishwa na nyumba yenye hatimiliki, bei yake huonekana kama zawadi. Si zawadi. Muuzaji anauza alicho nacho tu, yaani kuta, paa, milango, na nafasi ya kuendelea kukaa maadamu mwenye ardhi ameridhika. Jina la mnunuzi haliandikwi katika rejista ya ardhi. Kwa kawaida benki haiipokei nyumba hiyo kuwa rehani. Na mara nyingi mwenye ardhi hakubali ijengwe kwa mawe wala iongezwe ghorofa, kwa sababu jengo la kudumu humtia mpangaji mizizi.

Mwanachama wetu mmoja, aliyetupa ruhusa ya kusimulia habari zake bila kumtaja jina, alifanya kazi bandarini kwa muda wa miaka 31. Alipostaafu alinunua nyumba ya vyumba sita kwa shilingi 900,000. Alipewa karatasi iliyopigwa chapa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Katika karatasi ile neno ‘nyumba’ limeandikwa mara saba, na neno ‘kiwanja’ halimo hata mara moja. Tulihesabu wenyewe, ila tulihesabu baada ya mambo kuharibika. Mwenye ardhi alikuwa amefariki, warithi wake wakauza kiwanja kwa mfanyabiashara, naye mfanyabiashara akaleta notisi ya miezi 3. Wakili tuliyemwendea alisema kwamba mzee anaruhusiwa kuchukua vitu vyake. Vitu vyenyewe vilikuwa mabati, milango, madirisha, na boriti zilizokuwa bado nzima. Vyote pamoja vilimpatia shilingi 64,000. Sasa amepanga chumba kimoja, na mkewe amerudi bara kwa kuwa chumba hakiwatoshi pamoja na wajukuu.

Katika habari hii hatuwezi kusema kwamba muuzaji alidanganya. Hakuulizwa juu ya kiwanja, naye hakusema.

Wala hatuwaambii wanachama kwamba nyumba bila ardhi isinunuliwe kabisa. Watu wengi katika mji huu wamelea na kusomesha watoto kwa kodi za vyumba vya nyumba hizo, na baadhi yao wamo humu ukumbini. Tunachosema ni kwamba bei yake haipimwi kama bei ya nyumba yenye hati. Hupimwa kwa miaka. Tuchukue hesabu ya mzee wetu huyu. Yeye na watu wake walikaa vyumba viwili, na vinne wakavipangisha kwa shilingi 3,000 kila kimoja, yaani shilingi 144,000 kwa mwaka. Toa kodi ya kiwanja, shilingi 12,000, na matengenezo, shilingi 24,000, zinabaki 108,000. Ongeza kodi ambayo yeye mwenyewe angelipa mahali pengine kwa vyumba viwili, shilingi 72,000. Basi nyumba ilimfaa kwa shilingi 180,000 kila mwaka, na ili arudishiwe shilingi zake 900,000 ilimpasa akae miaka 5 bila kuguswa. Alikaa miaka 3 na miezi 2. Katika muda huo nyumba ilimrudishia shilingi 570,000. Ukiongeza 64,000 za mabati na mbao, jumla ni 634,000. Amepoteza shilingi 266,000, na uzee wake umekosa paa.

Lakini tazameni upande wa pili. Kama angeinunua nyumba ile ile kwa shilingi 500,000, angekuwa amerudishiwa fedha zake zote na ziada kabla ya notisi kuja. Nyumba ingekuwa ni ile ile, mwenye ardhi ni yule yule, na hasara isingekuwapo. Kwa hiyo mwanachama akiletewa nyumba bila ardhi, na aulize kwanza itarudisha fedha zake kwa miaka mingapi. Ikiwa ni miwili au mitatu, na mwenye ardhi anajulikana, na mtaa umetulia, huenda akasema ni biashara. Ikiwa ni minane, ajue kwamba anamkopesha mtu fedha zake bila rehani.

Tena asimlipe muuzaji kabla hajamwona mwenye ardhi uso kwa uso. Si mtu wa kukusanya kodi, bali mwenye ardhi mwenyewe au wakili wake. Amuulize kama ana habari ya mauzo hayo, kama yuko tayari kuandika risiti za kodi kwa jina la mnunuzi mpya, kama muuzaji hana deni la kodi ya nyuma, na kama ana nia ya kuuza kiwanja. Swali hili la mwisho watu huliona kama kuchokoza nyuki. Sisi twaliona kuwa ndilo lenye faida kuliko yote. Mwenye ardhi aliye tayari kuuza huenda akawauzia walio juu ya ardhi yake, hasa majirani wakimwendea pamoja, na mtu aliyenunua nyumba rahisi kisha akanunua na kiwanja chake amepata kitu ambacho hakuna dalali angeweza kumwonyesha. Jambo hili mtu mmoja haliwezi. Chama kinaweza.

Sasa tuje kwenye nyumba zenye hati. Wanachama wengi hudhani kwamba mtu akishaonyeshwa hatimiliki, mazungumzo yamekwisha. Bwana Mwenyekiti, hatimiliki ni mwanzo wa maswali. Mnakumbuka habari za Syokimau, karibu na Nairobi, mwezi wa Novemba 2011, nyumba za watu zilipobomolewa kwa kuwa ardhi ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege, wengine wakiwa wamesimama na karatasi mikononi. Mnakumbuka pia Oktoba 2023 huko Mavoko, katika ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland, ambako nyumba nzuri, nyingine za ghorofa, zilivunjwa baada ya mahakama kusema ardhi ni ya kiwanda. Wengi wa waliovunjiwa waliuziwa viwanja na watu ambao hawakuwa na haki ya kuviuza. Walinunua rahisi, wakajenga ghali.

Tusidhani kwamba haya ni ya upande wa Nairobi tu. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu juu ya kiwanja kimoja kilicho ufukweni Nyali, ng’ambo tu ya daraja. Kiwanja hicho kiligawiwa mtu wa kwanza mwaka 1989, kisha kikauzwa tena mpaka kikaifikia kampuni moja iliyokuwa na hati. Mahakama ilisema kwamba mahali pale palikuwa pa umma, kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo aliyekuja kununua baadaye hakulindwa na hati yake, hata kama alinunua kwa nia njema. Wanachama na waelewe uzito wa hukumu hii. Zamani wengi walifikiri kwamba mnunuzi mwenye moyo safi analindwa na karatasi. Sasa inampasa ajue karatasi ile ilizaliwa wapi, nani aliitoa, na ardhi ilikuwa ya nani kabla yake.

Kwa hiyo kukagua rejista ya ardhi peke yake hakutoshi, ingawa bila kukagua hakuna la kuzungumza. Rejista itaonyesha jina la mwenye mali, kama ana rehani ya benki, kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine, na kama ni milki ya daima au ya miaka iliyohesabiwa. Hili la miaka lisisahauliwe, kwa maana nyumba iliyobakiza miaka 12 katika miaka 99 lazima iwe rahisi. Tangu mwaka 2021 Serikali imeanza kuziweka rejista katika mtambo wa Ardhisasa, ikianza na Nairobi, na mahali ambapo kazi hiyo bado, mtu huenda katika ofisi ya ardhi yenyewe. Baada ya hapo achukue mpima ardhi, waende na ramani mpaka kwenye kiwanja, aonyeshwe mawe ya mpaka. Tulipata mwaka huu mwanachama aliyeonyeshwa nyumba iliyopakwa rangi vizuri, na hati yake ilikuwa halali kabisa, ila ilikuwa ni hati ya kiwanja cha jirani. Mpima aliligundua jambo hilo kwa nusu saa. Ujira wake haukufika sehemu moja ya mia ya bei ya nyumba.

Aulize pia Kaunti kuhusu madeni ya ada za ardhi, kwa sababu bila cheti cha kulipa hayo uhamisho hauandikwi, na deni la miaka 15 huweza kuumeza unafuu wote. Na jioni moja, bila dalali, aende akaketi barazani na majirani. Mzee wa mtaa anajua nani alijenga, nani aligombana na nani, na maji ya mvua hupita wapi.

Iwapo mwenye jina katika rejista amefariki, hapo unafuu huwa mkubwa na hatari huwa kubwa vilevile. Warithi huwa na haraka. Mmoja ana deni, mwingine ana mgonjwa, na wote wamechoka kugombania kodi. Sheria ya Kenya juu ya urithi hairuhusu ardhi wala nyumba ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijaithibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Barua ya chifu haitoshi. Mapatano ya familia yaliyoandikwa nyumbani hayatoshi. Hata warithi Waislamu, ambao mafungu yao hukatwa kwa sheria ya dini yao, wanahitaji hati ya mahakama kabla ya kuuza. Mnunuzi mwenye subira anaweza kupatana nao bei, akangoja mahakama imalize, kisha akalipa. Huo ndio unafuu mzuri kuliko wote tulioushuhudia: mwanachama mmoja alingoja miezi 14, na warithi hawakupandisha bei, kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi pekee aliyekubali kungoja. Wengine wote walitaka funguo mwezi ule ule.

Tusisahau wake na waume. Kwa sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, nyumba wanayokaa mume na mke haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Ukiona mume anauza rahisi na kwa siri, na anakuomba usije nyumbani siku ya Jumapili, ujue kwamba mke hana habari.

Kuna wanaosifu mnada. Benki ikiuza nyumba ya mtu aliyeshindwa kulipa mkopo, bei huweza kuwa chini, na sheria humlinda mnunuzi wa mnada kwa kiasi kikubwa. Lakini unafuu huo una sakafu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mwenye rehani atafute bei nzuri ipasavyo, na nyumba ikiuzwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, hudhaniwa kwamba hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Nyumba yenye thamani ya shilingi 4,000,000, basi, ikiangushwa nyundo kwa 3,000,000 au chini yake, inaalika kesi. Zaidi ya hayo, mnunuzi hutakiwa kutoa sehemu ya bei papo hapo na baki katika muda uliowekwa, naye asipoipata baki hiyo, aliyotoa hupotea. Na mwenye nyumba wa zamani mara nyingi bado yumo ndani na watoto wake. Kumtoa ni kazi ya mnunuzi. Kwa mtu mwenye kiinua mgongo kimoja tu maishani mwake, sisi hatuupendi mnada.

Tunaloupenda ni ubovu unaoonekana. Ndugu wanachama, msikimbie nyumba mbovu. Nyumba yenye hati safi na paa lililooza ni bora mara kumi kuliko nyumba iliyopakwa rangi na yenye karatasi za mashaka. Ubovu wa paa huhesabika: fundi atakuja, atapanda, atakuambia mabati mangapi na mbao ngapi, nawe utaipunguza bei kwa kiasi hicho. Muuzaji hawezi kubishana na tundu. Kwa hiyo nendeni na fundi wenu, asiwe wa muuzaji, tena nendeni wakati wa masika, mwezi wa Aprili au Mei, mvua ikiwa imenyesha usiku. Wakati wa kaskazi kila nyumba ni kavu. Chomeni boriti za mkoko kwa kisu kuona kama mchwa wamekwisha kula ndani. Katika nyumba za zege tazameni chini ya dari na kwenye nguzo. Zege likipasuka na kutoa kutu, huenda mchanga uliotumika ulikuwa wa pwani wenye chumvi, na nondo zinaoza ndani. Ubovu huo una gharama kubwa, na rangi haiuponyi. Fungueni bomba, na mkiambiwa maji yamekatwa leo tu, waulizeni majirani yalikatwa lini. Onjeni maji ya kisima. Ulizeni choo kilichimbwa mwaka gani.

Sasa kuhusu kulipa. Dalali ni mtu wa kazi yake, nasi hatumtukani. Wapo waaminifu, na bila wao nyumba nyingi hazingejulikana. Lakini dalali hulipwa nyumba ikiuzwa, halipwi nyumba ikikaguliwa, na kwa hiyo daima kuna mnunuzi mwingine anayekuja jioni kutoka Nairobi na fedha taslimu. Katika mwaka huu tumesikia habari za bwana huyo wa Nairobi mara 11, na hajafika bado. Mtu asitoe arubuni kwa ajili yake. Arubuni hutolewa baada ya mapatano kuandikwa, kutiwa sahihi na pande zote mbili, na kushuhudiwa, kwa kuwa mauzo ya ardhi yasiyoandikwa hivyo hayana nguvu mahakamani. Iwekwe mikononi mwa wakili, wala isiwekwe katika mfuko wa shati la mtu. Na kama ni shamba nje ya mji, upande wa Kilifi au Kwale, kwa mfano, kuna idhini ya bodi ya ardhi inayotakiwa. Bila idhini hiyo mapatano hubatilika.

Hesabu ya bei nayo ifanywe nzima. Nyumba ya shilingi 3,000,000 mjini hulipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 120,000. Nje ya miji ni asilimia 2. Kuna wakili, kuna mpima, kuna matengenezo. Tumewaona watu waliotoa senti ya mwisho kwa muuzaji, wakabaki na nyumba ambayo hawana uwezo wa kuihamishia jina lao. Miaka 6 imepita, na katika rejista nyumba bado ni ya muuzaji. Yeye akifa, watabishana na watoto wake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hawa hata daftari wanalijua lilipo, ila hawajalipia wino.

Bwana Mwenyekiti, lipo neno moja zito ambalo tumeombwa na baadhi ya wazee tuliseme. Tumezungumza kana kwamba wanachama wetu ni wanunuzi tu. Wapo walio wauzaji, nao huuza wakiwa katika dhiki. Mwaka jana mjane wa mwanachama wetu aliuza nyumba yenye hati safi kwa nusu ya thamani yake, kwa sababu hospitali ilikuwa ikidai, na mwili wa marehemu ulikuwa bado haujatolewa. Aliyenunua ni mwanachama pia. Hakuvunja sheria yoyote, na karatasi zake zote ziko sawa, tumeziona. Lakini watoto wa marehemu sasa wamepanga katika mtaa ule ule, na kila siku wanapita mbele ya nyumba ya baba yao wakienda shule. Wazee wanauliza kama chama cha kusaidiana kilikuwa kimelala siku ile. Sisi makarani hatuna mamlaka ya kuamua jambo la dhamiri, lakini tunaweza kusema kilichoandikwa katika faili: deni la hospitali lilikuwa shilingi 380,000, na siku ile katika mfuko wetu wa dharura kulikuwa na shilingi 412,000. Hakuna aliyeuliza. Mjane hakujua kwamba anaweza kuuliza, na mnunuzi, aliyejua, hakumwambia.

Kwa sababu hizo ofisi inaleta hoja mbili mbele ya mkutano huu. Ya kwanza ni kwamba zitengwe shilingi 150,000 kila mwaka ziwe mfuko wa ukaguzi. Mwanachama anayetaka kununua nyumba, na hana fedha za kukagua rejista na kumlipa mpima kabla ya kutoa arubuni, atakopeshwa kutoka mfuko huo, naye atarudisha kwa miezi 6. Karatasi zake zitasomwa na watu watatu: karani mmoja, mzee mmoja anayeujua mtaa unaohusika, na mama mmoja kutoka kamati ya akina mama. Majibu yao yatawekwa katika faili, na kabati la chuma limekwisha nunuliwa, kama mnavyoona katika ukurasa wa matumizi.

Ya pili ni kwamba mwanachama, au mjane au yatima wa mwanachama, anayetaka kuuza nyumba kwa ajili ya ugonjwa au mazishi, aje kwanza kwa Mwenyekiti, na ombi lake lijibiwe katika siku 2. Tena mwanachama yeyote anayenunua nyumba kutoka kwa mwenzake katika hali hiyo aijulishe halmashauri kabla ya kutia sahihi.

Hoja ya kwanza imekwisha pata mwungaji mkono. Ya pili bado haina. Maandishi yake yako mezani kwa Bwana Katibu, pamoja na kalamu, na mkutano utayajadili kabla ya chakula.